Kamba ya Shangazi Nhem

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Shangazi Nhem alipiga magoti, akaweka viganja sakafuni, akatambaa. Alianzia mlangoni, akafuata ukuta, akapita chini ya meza, akazunguka jiko, huku akipapasa kama mtu anayetafuta sindano. Alifanya hivyo ziwani alipokuwa na nguvu zake, na akaendelea kufanya hivyo nyumbani kwangu Kampong Chhnang, juu ya sakafu ya saruji, magoti yamevimba, katika nyumba isiyokuwa na mtoto yeyote anayetambaa. Siku moja jirani alikuja kuomba kaa la moto, akamkuta nusu mwili uko chini ya kabati. Akamuuliza amepoteza nini.

"Bado sijajua," Shangazi akamjibu kutoka chini ya kabati, akaendelea.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Aliishi katika nyumba ya mianzi inayoelea juu ya mapipa matupu, kwenye Tonle Sap, ziwa ambalo wakati wa mvua huvimba mpaka likameza misitu, kisha hunywea, na sisi tunaburuta nyumba zetu tukilifuata. Aliolewa kidogo tu. Mumewe alikwenda kutafuta kazi mpakani, na kazi au mwanamke mwingine vikamweka huko. Hakupata mtoto. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia jinsi alivyokuwa mwoga hudhani alifiwa na mwanawe majini. Hakufiwa na mwana. Woga wake haukuwa na kisa. Alizaliwa nao, kama wengine wanavyozaliwa na sauti nzuri.

Kulea watoto kulimjia kwa sababu ya mikono mizito. Msimu wa samaki wadogo ukifika, wanawake wote wa kwetu huketi na visu kukata vichwa, siku nzima, kabla samaki hawajatiwa chumvi na kuvundikwa. Shangazi alikuwa akimaliza kapu moja wenzake wameshamaliza matatu, na mara nyingine alijikata. Basi wakamwambia aache kisu, akae na watoto. Si watoto wote. Mtoto mchanga hubaki pale ulipomlaza, na anayetembea kwetu ameshajua kuogelea au anaelekea kujua. Wakampa wanaotambaa. Heang, mwenye mashua ya mota iliyokuwa ikiburuta nyumba za kijiji kizima, alikuwa akisema mtoto wa umri huo ana miguu minne na akili hana hata nusu.

Kwetu kila mtoto anayetambaa hufungwa kamba kiunoni, na kamba hufungwa kwenye nguzo ya katikati. Hakuna anayeona haya kwa hilo. Lakini wengine walifunga tu. Shangazi Nhem alipima. Mbele ya kila nyumba kuna baraza, jukwaa pana la mianzi linaloelea lenyewe na kushikizwa kwenye kizingiti kwa kamba, pahali pa kuanikia samaki na kupokelea wageni. Shangazi alitaka mtoto aweze kutoka mpaka barazani, aone watu, aone mashua, asichoke na kuta. Kwa hiyo alikwenda na kamba kutoka nguzoni mpaka ukingoni mwa baraza, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono mbele kama mtoto anavyofanya akiona kitu kinachong'aa majini, kisha akarudisha kamba nyuma kwa urefu wa mkono wake wote, na hapo ndipo akapiga fundo. Juu ya hayo alimfunga mtoto njuga miguuni. Chini ya kamba aliweka kitambaa cha miraba kilichofuliwa mpaka kikalainika, ili kiuno kisichubuke. Na baada ya yote hayo aliketi palepale, asiondoke.

"Shoga, bado kumtia nanga tu," Mama Pich wa nyumba ya jirani alimwambia. Mama Pich alikuwa na watoto saba, na wote walikuwa wamewahi kutumbukia majini.

Heang naye akipita kwa mashua hakosi lake. "Mama Nhem," alikuwa akipaza sauti juu ya mota, "wewe ukifuga samaki utawafunga kamba wasije wakazama."

Shangazi alicheka nao. Hakuwa mtu wa kununa. Lakini alicheka macho yakiwa kwa mtoto.

Kilichomshinda ni kwamba mtoto salama na mtoto mwenye raha si mtoto yuleyule. Mtoto aliyefungwa hulia. Akilia, mama yake ng'ambo ya mfereji anainua kichwa na kisu kinamteleza. Basi Shangazi alitafuta mbinu. Alimpa kifuniko cha sufuria na mwiko. Alitundika vibuyu vidogo kwenye kamba, chini chini, mtoto avigonge. Alitia maji kidogo kwenye beseni na samaki mmoja mdogo ndani yake, akamshika mtoto mabegani amtazame. Alimhamisha kutoka upande wa jua kwenda upande wa kivuli, kutoka mkeka huu hadi ule, kabla hajachoka, maana alisema akishachoka umechelewa. Mtoto alipotulia kabisa, akazama katika kuchezea kijiti fulani bila sauti, wengine wangeshukuru. Shangazi Nhem ndipo alipoinuka kwenda kumtazama. Anayelia, alisema, unajua yuko wapi.

Mimi nilirudi ziwani nikiwa mwalimu. Nilikuwa nimesomea ualimu mjini, nikaolewa na Borith, fundi wa umeme aliyekuwa akifanya kazi Phnom Penh na kuja kwetu akipata nafasi, na nilipopangiwa shule inayoelea ya kijiji chetu nilirudi na binti yetu Kunthea, tuliyekuwa tukimwita Thea, tukakaa nyumbani kwa Shangazi. Mjini alikuwa anakaa kitako tu. Tulipofika ziwani, ndani ya wiki ile ile, akaanza kutambaa. Ilikuwa kama alisubiri maji.

Sijui kama mtu aliyelelewa nchi kavu anaweza kuujua woga huo. Nilikuwa ziwani tangu kuzaliwa, nilikuwa nimefungwa kwenye nguzo ileile, na sikuwahi kuyaogopa maji yale. Sasa niliyaona kila mahali. Niliyaona kati ya banzi na banzi sakafuni, ya rangi ya chai ya maziwa, yakipanda na kushuka kama yanapumua. Nikiandika ubaoni nilisikia kitu kikidondoka majini mahali fulani, na chaki ilisimama. Huwa ni ndoo. Huwa ni mtoto wa mtu anaoga. Wanafunzi wangu walijifunza kunisubiri mpaka nimalize kusikiliza.

Ni woga wa Shangazi uliokuwa ukinituliza. Nilijiambia kwamba maadamu yuko mtu anayeogopa kuliko mimi, naweza kufundisha. Nikirudi mchana namkuta ameketi, mguu mmoja ameunyoosha kuziba mlango, Thea akimpanda kama kilima, njuga zikilia. Alinieleza siku nzima ilivyokwenda: Thea alijaribu kula mwiba wa kambare lakini yeye Shangazi akauwahi, Thea amegundua kwamba kibuyu kina mbegu ndani, Thea amemvuta paka mkia na paka amehamia kwa Mama Pich.

Maji yakapanda. Upepo ukaanza kuleta mawimbi kutoka katikati ya ziwa, mapipa yakagongana usiku kucha, na wazee wakasema ni wakati wa kuingia kwenye kinga ya miti. Siku ya kuhama shule ilifungwa, kwa sababu nayo ilikuwa inaburutwa. Heang alianza alfajiri, nyumba baada ya nyumba. Zamu yetu ilifika jua limeshakuwa kali.

Nyumba ikihamishwa, baraza hufunguliwa. Ukiiacha, inakata maji kama jembe na kung'oa kizingiti. Basi Heang na vijana wake waliifungua baraza yetu, wakaisukuma kando ije kuchukuliwa baadaye pamoja na nyingine. Shangazi aliwashikia ncha za kamba. Aliwakumbusha wasisahau ile ya kushoto. Kisha Heang akafunga kamba nene kutoka kwenye mashua hadi kwenye nguzo mbili za mbele, pande mbili za mlango, akaniomba nikae nyuma ya mashua na upondo, nisukume magugu maji yasije yakazonga kamba. Shangazi alibaki ndani kushikilia vyungu na kumwangalia mtoto.

Mwanzoni alimweka Thea kwenye bembea ya kitambaa, kama inavyopasa siku hiyo. Nilimsikia Thea akilia. Joto lilikuwa kubwa, bembea ilikuwa ikiyumba vibaya kwa mwendo wa nyumba, na alikuwa amefika umri wa kuchukia kulazwa. Alilia mpaka sauti ikakwaruza. Halafu akanyamaza, na nilijua Shangazi amemshusha. Nilimwona kwa mlango akimfunga kamba yake, akavuta fundo la kiunoni, akaenda nguzoni akavuta fundo la pale, akavuta tena. Nikatulia. Nilimwona kisha akigeuka kuushika mtungi wa samaki uliokuwa ukielekea kuanguka.

Thea akaniona.

Alikuja kwa magoti na viganja, mbio mbio, akicheka, mdomo wazi na meno yake mawili. Mota ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo sikusikia njuga. Nami nikamchekea, kwa sababu kila siku alikuja hivyo, na kila siku kamba ilimsimamisha barazani hatua moja kabla ya ukingo, akakaa kitako na kunipungia mkono. Alifika mlangoni. Kamba nyuma yake ilikuwa imelala sakafuni, imelegea, ndefu. Nikaitazama kamba ile, kisha nikatazama mbele yake pale palipokuwa na baraza, na hapakuwa na kitu. Palikuwa na maji yanayokuja.

Nilifungua mdomo kumwita nikaufumba. Ningemwita, angekuja.

Nikampiga Heang mgongoni kwa ngumi. Hakuelewa, akageuka, akaona, akazima mota. Lakini nyumba si mashua. Ukiacha kuivuta, haisimami. Inaendelea kuja kwa uzito wake. Kamba nene ikalegea, nyumba ikaendelea kutujia, polepole, mlango ukiwa wazi, na Thea akiwa kwenye kizingiti ananyoosha mkono. Nikamwonyesha kiganja changu, simama, kama ninavyowaonyesha wanafunzi. Alidhani nampungia. Akainua mkono wa pili.

Aliingia bila kishindo. Nyumba ikapita juu yake.

Kilichonibakia cha dakika ile ni ukimya. Mota ilikuwa imezimwa, mtoto hakuwa akilia, njuga hazikulia. Na Shangazi Nhem, ambaye mgongo wake ulikuwa kwetu na mikono yake imekumbatia mtungi, aligeuka kwa sababu ya ukimya huo. Aliuachia mtungi ukaanguka, mchuzi wa samaki ukamwagika wote. Aliona kamba imenyooka kutoka nguzoni, imepita juu ya kizingiti na kuzamia chini ya sakafu aliyosimama. Heang alipiga ukelele kwamba avute. Mimi pia nadhani nilipiga ukelele kwamba avute. Hakuvuta. Mapipa yale yalikuwa ya chuma kilicholiwa na kutu, yenye kingo kama msumeno. Angevuta kamba ikakatika, tusingejua tumtafute wapi. Aliishika kamba kwa mkono mmoja bila kuivuta, akaketi kizingitini, akashuka majini akiifuata.

Nami niliruka. Sikufika. Heang alinishika nguo, na magugu yalikuwa mazito, na nyumba ilikuwa bado inakuja. Nililala ubavuni mwa mashua nikitazama kizingiti, sikioni mwangu mna sauti yangu mwenyewe ikisema jambo lisilo na maneno. Maji yalikuwa yakipumua kati ya mapipa.

Alitokea upande wa jikoni. Kwanza ulitokea mkono, ukashika mwanzi, halafu kichwa chake, nywele zimemfunika uso, na juu ya bega lake kitu kidogo kilichopinda. Heang alikuwa ameshaisukuma mashua kwa upondo hadi pale. Tukawavuta wote wawili. Thea alikuwa na rangi ya majivu na midomo ya zambarau, amenyamaza. Shangazi alimlaza kifudifudi kwenye paja lake, akampiga kati ya mabega kwa kiganja kile kizito kilichoshindwa kisu, akampiga tena, akampiga tena. Maji yakatoka, na uji wa asubuhi. Na baada ya hapo, sauti iliyokwaruza, hafifu, ya hasira.

Sikuwahi kusikia mtu akilia vizuri namna ile.

Shangazi alikuwa amechanwa na mapipa kuanzia bega mpaka kiwiko. Damu ilikuwa ikimwagikia kwenye kitambaa cha miraba. Alilifungua fundo la kiunoni mwa Thea. Lilikuwa imara, ilimbidi atumie meno. Akampangusa, akamweka mikononi mwangu, akavirudisha nyuma viganja vyake upesi kama mtu aliyegusa jiko.

"Niliipima mwenyewe," akasema.

Nikamwambia mtoto yuko hai. Heang akamwambia, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba kila mtu aliona kamba, hata yeye, na kila mtu alipoiona alitulia. Ilikuwa kweli. Nami niliona. Kamba ilikuwa ileile na fundo lilelile. Ni mahali pa kuishia palipoondolewa, na aliyewashikia ncha wakati wa kupaondoa ni yeye. Hilo hatukulisema, wala halikuhitaji kusemwa.

Tulipokwisha kutia nanga katikati ya miti, Mama Pich alikuja na wali na mboga za maji na kumwosha jeraha. Nilimsubiri afanye mzaha. Hakufanya. Alimwambia Shangazi kwamba mtoto wake wa tatu alitolewa majini kwa nywele, na leo ana mke. Shangazi alimsikiliza, akamshukuru, akasema hatalea tena mtoto wa mtu.

Na hakulea. Walikuja kumwomba msimu uliofuata, na ule mwingine. Alirudi kwenye kisu, akawa wa mwisho kila siku, vidole vimefungwa vitambaa. Mimi nilimsihi. Nilimwambia kwamba hakuna mtu duniani ambaye ningemwamini zaidi baada ya siku ile, na nilikuwa nasema kweli, ingawa sauti yangu ilitetemeka naye akausikia mtetemo. Alisema, "Hapana, mwanangu. Mtu anayeogopa akikosea, basi kuogopa kwake kulikuwa kwa nini?" Nilimbeba Thea mgongoni nikifundisha, mpaka nikapata uhamisho wa kwenda Kampong Chhnang, nchi kavu.

Miaka mingi baadaye mapipa ya nyumba yake yalipokwisha kabisa, nilimleta akae nasi. Borith naye alikuwa amesharudi nyumbani na kufungua kibanda chake cha kutengeneza redio. Thea alikuwa msichana mrefu, mwenye kelele, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Shangazi alimpenda, nilimwona akimtengea kipande kizuri cha samaki. Lakini hakukaa naye chumba kimoja wakiwa wawili tu. Thea akiingia, yeye alipata kazi nje. Akipewa mkono na Thea avushwe mtaro, aliuchukua wangu. Thea aliniuliza siku moja kwa nini bibi hampendi. Nilimweleza yote, kwa mara ya kwanza. Akasema hakumbuki chochote, kama anayeomba radhi.

Mwaka ule darasa lao lilipanga kwenda ziwani kwa mashua, kutazama ndege katika msitu uliofunikwa na maji. Nilikataa. Nilitoa sababu zote: mvua, mashua za kukodi, watoto wengi na walimu wachache. Mimi ni mwalimu, najua safari zinavyokuwa. Thea hakubishana. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mbele, ameinamisha kichwa.

Shangazi alikuwa akimenya vitunguu saumu ukumbini. Nilimwona akiweka bakuli chini. Aliinuka, kwa shida, akaenda ngazini, akakaa kando ya Thea, karibu, bega kwa bega. Walikuwa wawili tu pale. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona akimpapasa kiunoni, upande huu na upande ule, kama anayetafuta kovu. Thea akacheka, akasema anamtekenya.

Siku ya safari niliamka na kichwa kizito. Nilikuwa nimempa Thea ruhusa usiku, na asubuhi nilitaka kuichukua tena. Alikuwa ameshavaa, mashua ya darasa ilikuwa ikisubiri, nami nilikuwa nachelewa shuleni. Nilisimama mlangoni, mkoba begani, nikiwa nimemshika mkono siwezi kuuachia. Nikamtazama Shangazi kwenye kiti chake ili aniunge mkono, yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Niliporudi mchana alikuwa amelala kwenye kiti kilekile na hakuamka tena, kwa hiyo maneno aliyoniambia pale ndiyo ya mwisho.

"Mwache aende," alisema, "na wewe nenda kazini. Kuogopa niachie mimi, mimi nimezoea."